Majani ya Omosocho Katika Mizani ya Wataalamu

Katika vilima vya Kisii na Nyamira ni siku chache zipitazo pasipo mtu kujikata. Nchi hii ina mvua nyingi na udongo mwema, na watu wake ni wengi: kwa hesabu ya mwaka 2019 Kaunti ya Kisii ilikuwa na watu 1,266,860, na Kaunti ya Nyamira watu 605,576. Karibu kila nyumba ina kishamba chake, na kila kishamba kina panga, jembe na shoka. Wako wapogoao chai kwa visu vikali. Wako wachongao jiwe la sabuni kule Tabaka kwa patasi na msasa. Wako watoto wachanjao kuni na wakatao majani ya ng'ombe kabla ya kwenda shule. Jeraha huja ghafla, na mara nyingi huja mahali palipo mbali na zahanati.

Hapo mkono wa kwanza kufika si mkono wa daktari. Ni mkono wa mama, au wa mzee aliye karibu, na huenda mkono huo umekwisha kushika majani machanga ya mti ambao Wagusii huuita omosocho. Majani hayo husuguliwa baina ya viganja mpaka yatoe maji, na maji yale hukamuliwa juu ya jeraha ili damu isimame. Desturi hiyo si ya Wagusii peke yao. Wakipsigis na Wanandi huuita mti huo tebeswet, Wagikuyu huuita mutundu, na watu wa Ethiopia wasemao Kiamhara huuita bisana. Nao wote wamewahi kuutumia kwa vidonda na kwa maradhi mengine mengi.

Swali linalowashughulisha wataalamu siku hizi ni rahisi kulisema na gumu kulijibu. Mtu aliyepakwa omosocho akapona, je, ameponywa na omosocho, au mwili wake umejiponya wenyewe?

MTI WENYEWE

Omosocho ni mti wa nyanda za juu. Wataalamu wa mimea wameupa jina la Croton macrostachyus, na neno hilo la pili, lililotokana na Kiyunani, maana yake ni mwenye shuke refu, kwa ajili ya maua yake madogo meupe yapangikayo juu ya kikonyo kirefu. Nyuki huyapenda sana maua hayo. Majani yake ni mapana, yana umbo la moyo, na upande wa chini yana weupe kama wa fedha. Kabla ya kuanguka hugeuka rangi ya machungwa, hata mtu awezaye kuona mbali huutambua mti huu katikati ya miti mingine. Matunda yake ni madogo kama mbaazi, yamegawanyika mafungu matatu.

Tena ni mti mwepesi wa kuota. Mahali palipokatwa msitu pakaachwa, omosocho ni miongoni mwa miti ya kwanza kurudi. Kwa sababu hiyo waonekana mipakani mwa mashamba, kando ya njia na kwenye kingo za mito, mahali ambapo mtu aliyejikata aweza kuufikia bila ya kwenda mbali. Pengine hiyo ni sababu moja iliyoufanya upate sifa: dawa iliyo karibu hutumiwa mara nyingi, na itumikayo mara nyingi hukumbukwa.

WATU WALIOZOEA KUTUNZA MAJERAHA

Isidhaniwe kwamba elimu ya majeraha katika nchi ya Wagusii ilikuwa ya kubahatisha tu. Wagusii walijulikana mbali kwa mafundi wao wa kupasua kichwa, waitwao ababari. Mtu aliyepigwa kichwani, akaendelea kuumwa na kichwa siku nyingi, alipelekwa kwa fundi huyo; naye aliipasua ngozi, akaukwangua mfupa wa fuvu kwa vyombo vyake mpaka akaondoa sehemu aliyoiona kuwa ndiyo yenye madhara. Daktari Edward Margetts, aliyefanya kazi katika hospitali ya Mathari mjini Nairobi katika miaka ya 1950, aliandika habari za kazi hiyo katika kitabu kilichotoka mwaka 1967. Mwaka 1985 madaktari wengine wa upasuaji walichapisha maelezo yao juu ya mafundi wa Kisii katika jarida la upasuaji.

Leo mtu aliyeumia kichwa hana budi kupelekwa hospitali, mahali penye dawa ya usingizi, picha za fuvu na damu ya kuongezwa. Lakini habari ile yafundisha jambo moja. Watu wanaothubutu kulifunua fuvu la mtu aliye hai, na mtu huyo akaishi, lazima wawe wamejifunza namna ya kuzuia damu na namna ya kulitunza jeraha kubwa kwa siku nyingi. Maarifa ya namna hiyo hayastahili kutupwa bila ya kuangaliwa. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao.

Lakini mbacha wenyewe wapaswa kukaguliwa. Ukiwa mzima, utandikwe. Ukiwa na kunguni, usafishwe au uchomwe.

KWA NINI SIFA PEKE YAKE HAITOSHI

Mzee wa Kisii akisema, "Nimewapaka watu wengi majani haya, nao wamepona," huenda asemayo ni kweli tupu. Hata hivyo mtaalamu hatosheki, na sababu yake si dharau. Sababu ni kwamba jeraha dogo lililo safi hupona lenyewe, hata lisipopakwa kitu. Mtu akilipaka majani, litapona. Akilipaka mafuta ya taa, huenda likapona vilevile, ingawa kwa maumivu. Kila apakaye kitu juu ya jeraha atapata sifa ambayo kwa haki ni ya mwili.

Tena kumbukumbu ya watu ina upendeleo. Aliyepona hurudi na kuku wa shukrani, na habari yake husimuliwa sokoni. Yule ambaye kidonda chake kiliharibika akapelekwa hospitali, au akafa, hasimuliwi sana; na akisimuliwa, husemwa kwamba alichelewa, au kwamba alirogwa. Kwa njia hiyo dawa isiyofaa yaweza kuishi miaka mia, na dawa ifaayo sana yaweza kuhesabiwa sawa na ile isiyofaa.

Njia ya kutoka katika shaka hiyo ni kulinganisha. Yatakiwa majeraha mengi yaliyo sawa, na baadhi yake yapakwe dawa, na baadhi yasipakwe. Kisha ihesabiwe ni yapi yaliyopona mapema. Hapo ndipo kazi ya maabara inapoanza.

MWILI UNAVYOJIPONYA

Ili kuelewa kinachopimwa, yafaa kwanza kujua jinsi mwili ufanyavyo kazi yake. Mara ngozi ikatwapo, mishipa midogo hujikunja na damu huanza kuganda. Hiyo ni hatua ya kwanza, na huchukua dakika chache. Kisha mahali pale huvimba, huwa pekundu na pa moto, kwa kuwa askari wa mwili waliomo katika damu wamekuja kuwala vijidudu na kuondoa uchafu. Hatua hiyo ya pili huendelea kwa siku kadhaa, na si ugonjwa ikiwa haizidi kiasi.

Baadaye huota nyama mpya nyekundu kutoka chini, mishipa mipya ya damu huchipuka, na ngozi hutambaa kutoka kando kando mpaka ikutane katikati. Mwisho huja kovu, ambalo huendelea kujikaza kwa miezi mingi, pengine mwaka na zaidi. Uzi unaoshona kazi yote hiyo ni kitu kiitwacho kolajeni, ambacho mwili hukitengeneza kwa chakula chenye nguvu ya kujenga, kama maharagwe, maziwa, mayai na nyama.

Dawa ya jeraha, basi, yaweza kusaidia kwa njia mbalimbali. Yaweza kuharakisha kuganda kwa damu. Yaweza kuua vijidudu. Yaweza kupunguza uvimbe uliozidi. Au yaweza kuchochea nyama na ngozi mpya. Dawa ifanyayo jambo moja kati ya hayo huenda isifanye jingine. Wala dawa iuayo vijidudu si lazima iwe njema, kwa maana yaweza kuua pia nyama changa inayoota.

HATUA ZA UPIMAJI

Kazi huanza kwa mazungumzo. Mtafiti huenda kwa wenyeji wajuao mimea, ambao Wagusii huwaita abanyamorigo, akawauliza jina la mti, sehemu itumikayo, namna ya kuitayarisha na maradhi yanayotibiwa. Katika Kenya mtafiti hana budi kuwa na kibali cha Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, na yule anayeulizwa lazima akubali kwa hiari yake baada ya kuelezwa makusudi ya kazi.

Pili, tawi lenye majani na maua huchumwa, likakaushwa kati ya karatasi na kupelekwa kwa wataalamu wa kutambua mimea. Hazina kubwa ya mimea iliyokaushwa ya Afrika ya Mashariki iko Nairobi, chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Ilianzia Amani, Tanganyika, ikahamishiwa Nairobi mwaka 1950. Hatua hii yaonekana ndogo, lakini bila yake kazi yote yaweza kuwa bure. Jina moja la kienyeji huenda likabeba miti miwili, na mti mmoja huenda ukawa na majina matano. Mtu akipima mti mmoja na kusifu mwingine, amewapoteza watu.

Tatu, majani hukaushwa kivulini, husagwa, na huloweshwa katika maji au katika kileo kiitwacho methanoli ili kiini cha dawa kitoke. Kileo hicho huondolewa, kikabaki kiini kizito ambacho chaweza kupimwa kwa gramu. Hapo ndipo dawa inapopata kipimo. Nyumbani jani moja huchumwa wakati wa mvua na jingine wakati wa kiangazi, moja changa na jingine kuukuu, na nguvu zao si sawa. Maabara hutaka kujua ni kiasi gani hasa kilichofanya kazi.

Nne, kiini hicho hujaribiwa juu ya vijidudu vinavyopenda kuharibu majeraha. Viwili vilivyo maarufu ni Staphylococcus aureus, ambacho hukaa katika ngozi na pua za watu wengi wazima, na Pseudomonas aeruginosa, ambacho huwa kigumu sana kuuawa. Vijidudu hupandwa katika sahani yenye chakula chao mfano wa uji ulioganda, na dawa hutiwa katika kishimo katikati. Dawa ikiwa na nguvu, huonekana duara tupu kukizunguka kishimo, mahali ambapo hakuna kijidudu kilichoota. Duara hilo hupimwa kwa milimita.

Tano hutafutwa madhara. Kiini hupakwa juu ya ngozi nzima ya mnyama ili ionekane kama yawasha au yaunguza, na wanyama wengine hupewa kidogo kidogo ili ijulikane kama ni sumu. Kazi hii haifanywi ovyo: kuna kamati za kuangalia kwamba wanyama hawateswi bila sababu, na kwamba idadi yao haizidi ile inayohitajika.

Sita ndiyo hatua ya jeraha lenyewe. Panya wa maabara hulazwa kwa dawa ya usingizi, wakanyolewa mgongoni, na kila mmoja akatiwa jeraha lenye ukubwa ule ule. Kisha hugawanywa makundi. Kundi moja hupakwa marhamu yenye kiini cha mti. Kundi la pili hupakwa marhamu ile ile isiyo na kiini. Kundi la tatu hupakwa dawa ya hospitali iliyokwisha kujulikana. Wote hula chakula kimoja na hukaa mahali pamoja. Kila baada ya siku kadhaa ukubwa wa jeraha huchorwa juu ya karatasi angavu na kuhesabiwa, na siku ambayo ngozi imeziba kabisa huandikwa. Katika majaribio mengine hupimwa nguvu inayotakiwa kulifungua kovu, na wingi wa kolajeni katika nyama mpya. Yafaa zaidi yule anayepima asijue panya yupi amepakwa nini, maana jicho la mtu huona alitakalo.

Msomaji ataona kwamba kundi la pili ndilo lenye siri yote ya kazi hii. Panya wale wasiopakwa dawa nao hupona. Dawa haisifiwi kwa sababu waliopakwa wamepona. Husifiwa tu ikiwa wamepona mapema kuliko wenzao, na kwa tofauti isiyoweza kuwa ya bahati.

YALIYOKWISHA KUONEKANA

Omosocho umekwisha kupita katika baadhi ya hatua hizo. Mwaka 1968 wataalamu wa kemia walitangaza habari za kitu kipya kilichotolewa katika matunda yake, wakakiita krotepoksidi, nao walikitafuta kwa ajili ya kupigana na uvimbe wa saratani. Watafiti waliofuata wamekuta katika mti huu vitu vya namna nyingi, miongoni mwake lupeoli, ambayo yajulikana katika majaribio kwa kupunguza uvimbe, na tanini, ambazo hukaza ngozi na kusaidia damu isitoke.

Mwaka 2016 watafiti wa Ethiopia walichapisha matokeo ya jaribio la majeraha juu ya panya, kwa marhamu iliyotiwa kiini cha mti huu. Majeraha yaliyopakwa marhamu hiyo yalijikunja mapema kuliko yale yaliyopakwa marhamu tupu. Basi neno la wazee wa Gusii, wa Bonde la Ufa na wa Ethiopia lilipata shahidi ambaye hakulelewa na mmoja wao.

Ukoo wa mti huu nao umetoa ushahidi mahali pengine. Katika misitu ya Amerika ya Kusini kuna mti wa jamii hiyo hiyo, Croton lechleri, wenye utomvu mwekundu ambao wenyeji huuita damu ya joka na huupaka juu ya vidonda. Mwaka 1989 watafiti wa Peru walionyesha katika panya kwamba kitu kimoja kilichomo, taspini, ndicho kinachosaidia jeraha kufunga. Kutoka katika utomvu ule ule ilitengenezwa dawa nyingine, krofelemeri, ambayo serikali ya Marekani iliiruhusu mwishoni mwa mwaka 2012 kwa kuhara kwa watu wenye UKIMWI walio katika matibabu. Safari hiyo kutoka msituni mpaka dukani ilichukua miaka mingi, na dawa nyingi huishia njiani.

Asali pia ni mfano mwema, kwa kuwa kila mtu huijua. Mwaka 2015 wataalamu waliyakusanya majaribio mengi yaliyofanywa kwa watu, wakayapima pamoja. Waliona kwamba asali huponya majeraha ya moto yasiyoingia ndani sana mapema kuliko baadhi ya bandeji za kawaida. Lakini kwa vidonda vya miguu vitokanavyo na ubovu wa mishipa, haikuonekana kuwa na faida hiyo. Huo ndio uzuri wa kipimo. Hakikusema kwamba asali ni dawa, wala kwamba si dawa. Kilisema ni dawa ya nini.

UKOO MMOJA, DAWA NA SUMU

Iko sababu nyingine ya kuwa na hadhari. Katika jamii hiyo hiyo ya Croton kuna mti wa Asia, Croton tiglium, ambao mbegu zake hutoa mafuta makali mno. Matone machache huharisha vibaya, na yakigusa ngozi hutoa malengelenge. Tangu miaka ya 1940 wataalamu walitambua kwamba mafuta hayo, yakipakwa mara kwa mara juu ya ngozi ya panya iliyokwisha kuguswa na kitu cha kuleta saratani, huifanya saratani iote upesi. Omosocho si mti huo. Lakini mtu mwenye ndugu mwenye tabia kali hana budi kuulizwa habari zake kabla ya kupewa funguo za nyumba.

Nao omosocho wenyewe hujulikana kwa kuharisha mtu aunywapo. Maji ya majani machanga juu ya mkato wa kidole ni jambo moja. Mizizi na maganda yaliyochemshwa na kunywewa ni jambo jingine kabisa. Jaribio lililofanywa kwa marhamu juu ya ngozi halimpi mtu ruhusa ya kunywa. Kadhalika ushahidi wa panya si ushahidi wa mtu. Ngozi ya panya ni legevu, nayo hufunga jeraha hasa kwa kujikunja. Ngozi ya mtu hutegemea zaidi kuota kwa nyama mpya. Dawa iliyoshinda kwa panya imepata tu haki ya kujaribiwa kwa watu, kwa utaratibu na kwa idhini.

Lakini adui mkubwa kuliko wote ni pepopunda. Mbegu za kijidudu chake hukaa katika udongo na katika samadi, nazo huingia kwa urahisi katika jeraha la jembe, la msumari au la mwiba. Majani yanayochumwa kando ya njia na kusuguliwa kwa mikono yenye udongo yaweza kuzipeleka mbegu hizo ndani kabisa. Kinga yake ni chanjo. Hakuna jani la Gusii, wala la nchi nyingine, liwezalo kushika mahali pake.

MALI YA NANI?

Kwa miaka mingi wenye maarifa haya waliyaficha. Sheria ya mwaka 1925 ya kupiga vita uchawi iliwatia hofu hata waganga wa miti ambao hawakuwa na uhusiano wowote na uchawi. Wengine waliogopa kuibiwa: mgeni huja, huuliza, huandika, huenda zake, na jina la mzee halisikiki tena. Kwa hiyo wengi wamekufa na siri zao, na watoto wao walio mijini hawajui hata majina ya miti.

Mambo yamebadilika. Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya ilianzisha kituo cha dawa za asili mwaka 1984. Profesa John Kokwaro wa Chuo Kikuu cha Nairobi alitoa mwaka 1976 kitabu chake juu ya mimea ya dawa ya Afrika ya Mashariki, ambacho bado huchapishwa na kusomwa. Orodha za mimea ya Wagusii zimekusanywa na watafiti wa vyuo vikuu vya Kenya. Katiba ya mwaka 2010 ilitambua mahali pa maarifa ya asili katika maendeleo ya taifa. Sheria ya mwaka 2016 iliyalinda maarifa ya jadi kuwa mali ya jamii iliyoyatunza, na Sheria ya Afya ya mwaka 2017 ikaagiza kuwe na utaratibu wa tiba za asili. Aidha, Kenya imeuridhia Mkataba wa Nagoya wa mwaka 2010, ambao wataka faida itokanayo na mimea na maarifa ya wenyeji igawanywe kwa haki.

Sheria hizo zina maana tu ikiwa wenyeji wazijua. Mzee aulizwapo juu ya omosocho anayo haki ya kuuliza naye: kazi hii ni ya nani, matokeo yatarudi lini, na ikiwa dawa itauzwa, kijiji kitapata nini? Mtafiti mwema hatachukizwa na maswali hayo.

Liko na jambo la miti yenyewe. Mti ambao Wagikuyu huuita muiri, na wataalamu Prunus africana, ulipata sifa Ulaya kwa sababu gome lake lilionekana kuwafaa wanaume wazee wenye shida ya mkojo. Sifa ile iliuletea msiba. Katika nchi kadhaa za Afrika miti ilichunwa mpaka ikafa, na mwaka 1995 biashara yake kati ya mataifa ikatiwa chini ya ulinzi wa mkataba wa dunia. Omosocho una bahati kwamba huota upesi, na kwamba majani yake hurudi baada ya kuchumwa; lakini katika nchi ambayo mashamba hugawanywa kila kizazi kipya, hata mti wa mpakani waweza kukatwa kwa kuni za siku moja. Mwenye shamba aachaye mti mmoja au miwili mpakani hupata kivuli, maua ya nyuki, na mahali pa watafiti kurudi.

YAFAAYO KUTENDWA NYUMBANI

Wakati wataalamu wanaendelea na kazi yao, majeraha hayangoji. Mtu aliyejikata na alikandamize jeraha kwa kitambaa safi, bila ya kulifunua kila mara, mpaka damu isimame. Kisha lioshwe kwa maji mengi safi na sabuni, na lifunikwe. Usitiwe udongo, wala samadi, wala majivu. Jeraha lililo refu au la kina, lililoingia uchafu, lililotokana na kuumwa na mnyama, au ambalo damu yake haikomi, lipelekwe zahanati siku hiyo hiyo, na mhudumu aulizwe juu ya chanjo ya pepopunda. Mwenye kisukari asidharau hata kidonda kidogo cha mguu. Kidonda kisichofunga baada ya majuma kadhaa si cha kupakwa dawa mpya kila siku; ni cha kuonyeshwa kwa daktari. Mficha maradhi, kifo humwumbua.

Na yule aliyekwisha kupaka omosocho kabla ya kufika hospitali asione haya kusema. Aseme ni majani gani, yametayarishwa vipi, na lini. Mhudumu mwenye busara atayaandika maneno hayo badala ya kuyacheka, kwa maana kutokana na maneno kama hayo ndiko kazi hii yote ilikoanzia.

Maabara haikuja kumnyang'anya mzee mti wake. Imekuja kumwuliza maswali matatu ambayo yeye peke yake, kwa mikono yake miwili, hakuweza kuyajibu: dawa hii yaponya kuliko mwili uponyavyo wenyewe? Kwa kiasi gani? Na kwa madhara gani? Siku majibu yatakapokuwa kamili, ikiwa ni mema, mtoto wa Nyamira aliyejikata mguu kwa jembe atapata marhamu yenye kipimo na yenye usafi, na juu ya kikopo chake patakuwa na haki ya kuandikwa kwamba ilijulikana kwanza vilimani mwa Wagusii. Na ikiwa majibu si mema, mtoto yule atakuwa ameepushwa na madhara. Kwa njia zote mbili, mzee aliyekubali kuulizwa atakuwa amemtendea mjukuu wake jambo jema.